Jina la kifaa halifunguki nyumbani lakini IP inafunguka: jua kwanza mashine yako inamuuliza nani

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Swali hili linaulizwa kila mara kwa sura mbalimbali. Mmoja akiandika 192.168.1.40 seva yake inafunguka, akiandika jina lake inagoma. Mwingine printa aliyochapia jana, leo kompyuta inamwambia haipo. Mwingine simu ya mkewe inafungua, laptop yake haifungui, na zote ziko Wi-Fi moja. Majibu wanayopewa ni mawili tu: zima ruta uwashe, na ikigoma weka DNS (seva inayogeuza majina kuwa namba za IP) ya 8.8.8.8, ile ya Google. Hilo la pili ndilo limenisukuma nifungue uzi, kwa sababu kwa tatizo hili 8.8.8.8 haiponyi kitu, na mara nyingi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Nitaeleza ninavyolifahamu, walio kwenye fani waongezee.

Kabla ya yote, ping namba, yaani ipigie uone kama kifaa kinajibu. Kama `ping 192.168.1.40` haijibu na unajua kifaa hicho huwa kinajibu ping, achana na majina kabisa. Tatizo lako ni waya, Wi-Fi, faiwoli ya kile kifaa, au IP imebadilika. Ukiwa na Windows angalia pia kama mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa "Public". Hapo Windows inajificha na kukataa kushirikisha mafaili hata kama jina liko sawa. Namba ikijibu na jina likakataa, ndipo uendelee kusoma.

Sasa, jina la kifaa nyumbani halina mahali pamoja linapokaa. Mashine yako ina njia kadhaa za kulitafuta, na kila mfumo una mpangilio wake.

Njia kongwe ni faili la hosts. Miaka ya 1970 mtandao mzima wa ARPANET, uliotangulia intaneti, uliendeshwa kwa orodha moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI kule Menlo Park, California, na timu ya Elizabeth Feinler. Kompyuta zilipozidi, Paul Mockapetris akaja na DNS mwaka 1983. Lakini faili lile halikufa. Linux na Mac lipo `/etc/hosts`, Windows lipo `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, na kwa kawaida ndilo linalosomwa kwanza.

Ya pili ni DNS ya ruta. Kifaa kinapoingia kwenye mtandao kinaomba IP kwa DHCP (huduma ya ruta ya kugawa IP) na hapohapo kinataja jina lake. Ruta zinazotumia dnsmasq (programu ndogo ya DNS na DHCP), zikiwemo zenye mfumo huria wa OpenWrt, zinaweza kulishika jina hilo na kulijibu mtu akiuliza. Kwenye OpenWrt kikoa (mwisho wa jina) cha kawaida ni `lan`, kwa hiyo kifaa kilichojiita seva kinapatikana kama `seva.lan`. Ila ruta nyingi tunazofungiwa na kampuni za faiba hazifanyi kazi hii. Zinagawa IP, zinapeleka maswali ya DNS nje, basi.

Ya tatu ni mDNS, yale majina yanayoishia na `.local`. Hapa hakuna seva. Mashine inatangaza swali kwa wote waliopo kwenye mtandao uleule, kwenda 224.0.0.251, poti ya UDP 5353: "Nani anaitwa raspberrypi.local?" Mwenye jina anajibu mwenyewe. Apple walilileta mwaka 2002 na leo wanaliita Bonjour, kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na Avahi, na printa karibu zote za kisasa zinalo.

Halafu kuna za Windows za zamani, LLMNR na NetBIOS. Hizo nazipita haraka. Wataalamu wa usalama wamekuwa wakishauri zizimwe miaka mingi, kwa sababu mtu yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kujibu "ni mimi" na kompyuta yako ikaanza kumpelekea taarifa za kuingilia. Mfumo wako ukisimama juu ya hizo, umesimama pabaya.

Nije kwenye kiini. Ukiweka DNS mbili, ya kwanza ruta yako na ya pili 8.8.8.8, wengi wanaamini mashine itauliza ruta, ikikosa jibu itaenda kwa Google. Sivyo inavyofanya. DNS ya pili haiulizwi kwa sababu ya kwanza haijui jina. Inaulizwa pale ya kwanza inapokaa kimya. Na "jina hilo halipo", ambalo kwenye DNS linaitwa NXDOMAIN, ni jibu kamili. Ukimuuliza mtu wa mtaa wa mbali kuhusu fundi cherehani wa kwenu naye akakujibu kwa uhakika kwamba hakuna mtu huyo, huendelei kuuliza, unageuza unaondoka. Ndivyo mashine inavyofanya ikimuuliza Google habari za `seva.lan`. Google hana hatia, jina hilo kwake kweli halipo.

Tazameni mfano huu kwenye Ubuntu:

```
$ ping seva.lan
ping: seva.lan: Name or service not known

$ nslookup seva.lan 192.168.1.1
Server:   192.168.1.1
Name:     seva.lan
Address:  192.168.1.40
```

Ruta ikiulizwa moja kwa moja inalijua jina. Ping inasema jina halijulikani. Basi ping ilimuuliza nani?

```
$ resolvectl status
Current DNS Server: 8.8.8.8
       DNS Servers: 192.168.1.1 8.8.8.8
```

Jibu ndilo hilo, mstari wa kwanza. Kwa systemd-resolved, programu inayotafuta majina kwenye Ubuntu, hakuna DNS kuu na ya akiba, zote kwake ni sawa. Inaitumia moja mpaka ishindwe kujibu, kisha inahamia nyingine na kubaki huko. Ruta ikizidiwa kidogo ikachelewa kujibu, laptop inahamia 8.8.8.8, na kuanzia hapo intaneti inaenda vizuri kabisa ila majina ya nyumbani yamepotea. Ndiyo maana watu wanasema "jana ilikuwa inafanya kazi na sijagusa kitu". Wanasema kweli.

Windows na simu zina tabia zao, lakini kanuni haibadiliki: kila DNS unayoiweka kwenye orodha lazima iyajue majina ya nyumbani. Isiyoyajua iondoe, na uiondoe kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, kwa sababu huko ndiko vifaa vyote vinakoipata. Ruta yenyewe inaweza kuendelea kupeleka maswali ya nje 8.8.8.8 au 1.1.1.1, hilo halina shida. Shida ni vifaa kupewa anwani hizo mkononi.

Jingine kuhusu vipimo. `nslookup` na `dig` zinaenda kwa seva ya DNS moja kwa moja. Hazisomi faili la hosts wala hazitangazi mDNS. `ping`, na `getent hosts` kwenye Linux, zinapita njia ileile inayopitwa na programu nyingine. Kwa hiyo nslookup ikikataa na ping ikakubali, hujaona muujiza, umeona njia mbili tofauti. Ya mDNS pekee ipime kwa `avahi-resolve -n seva.local` ukiwa Linux, au `dns-sd -G v4 seva.local` ukiwa Mac.

Karibuni. Mwenye tatizo aweke matokeo ya vipimo, tusaidiane.

---

#2 · Mchangiaji, Nairobi

Asante sana mkuu, hii imenifungua macho. Kwangu ni tofauti kidogo. Niko na ruta mbili, ile ya kampuni ya faiba iko sebuleni na nyingine nilinunua mwenyewe iko chumbani kwa sababu signali ilikuwa haifiki. Raspberry Pi (kompyuta ndogo) imeunganishwa kwa waya kwa ile ya sebuleni. Nikiwa na Wi-Fi ya sebuleni `raspberrypi.local` inafunguka. Nikihamia ya chumbani inakataa, lakini IP inafunguka kote. DNS ni ruta tu, hakuna 8.8.8.8.

---

#3 · Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, hebu tazama IP ya laptop ukiwa chumbani na ukiwa sebuleni. Nina uhakika mkubwa utaona kitu kama 192.168.0.x upande mmoja na 192.168.1.x upande wa pili. Waya unaotoka ruta ya kampuni umeuchomeka kwenye poti ya WAN (ya kuingizia intaneti) ya ruta yako, si ndiyo? Hapo umejenga mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Namba inapita kwa sababu ruta ya chumbani inajua kupeleka pakiti nje kuelekea sebuleni. Ila tangazo la mDNS halivuki ruta. Limekusudiwa liishie kwenye mtandao lilipotangazwa, ndivyo lilivyoundwa. Laptop yako inaita, Pi haisikii.

Dawa ni kuifanya ruta ya chumbani iwe kituo cha Wi-Fi tu. Kama ina chaguo la "Access Point" kwenye menyu, lichague na umemaliza. Kama haina:

Ingia kwenye ruta ya chumbani, ipe IP iliyo kwenye mtandao wa sebuleni lakini isiyogongana na kitu, mfano sebuleni ni 192.168.1.1 basi hii iwe 192.168.1.2. Zima DHCP yake. Kisha chomoa waya kwenye WAN uuchomeke kwenye mojawapo ya poti za LAN (za vifaa vya ndani). Fuata mpangilio huohuo, ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP nyumba itakuwa na wagawaji wawili wa IP na kila kifaa kitashika cha kwanza kilichojibu.

Baada ya hapo zima na kuwasha Wi-Fi ya laptop ipate IP mpya.

Wengine wenye dalili kama hii lakini wana ruta moja, angalieni mambo mawili: kama mko kwenye Wi-Fi ya wageni, na kama kuna kitu kinaitwa "AP Isolation" au "Client Isolation" kimewashwa. Vyote viwili vinazuia vifaa kuonana. Wi-Fi ya wageni imetengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo msiilaumu, toeni printa huko.

---

#4 · Mchangiaji, Arusha

Habari kaka. Mimi nina ofisi ndogo ya ushonaji nyumbani, tuna kompyuta ya kuhifadhia picha za mitindo na kuna ukurasa wake wa kuziangalia. Ruta ni OpenWrt, aliniwekea kijana wa jirani. Laptop inafungua `mitindo.lan` bila shida, iPhone ya binti inafungua, simu yangu ya Android inakataa. Ping sijui kuifanya kwenye simu. DNS ya ruta nimeangalia, ni yenyewe tu.

---

#5 · Mwanzisha uzi

Habari dada, na hongera kwa kazi. Fungua Mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao na intaneti, utafute DNS ya faragha. Ilikuja na Android 9 mwaka 2018. Ina hali tatu: imezimwa, otomatiki, na ile ya kuandika jina la mtoa huduma. Kama kuna jina limeandikwa pale, pengine la huduma ya kuzuia matangazo, basi kila swali la simu yako linaenda kwa huyo aliyeandikwa, ruta haiulizwi lolote. Ukiiweka otomatiki, simu inatumia DNS iliyopewa na mtandao uliopo. Rudisha otomatiki ujaribu.

Kama bado, jaribu brauza nyingine. Baadhi ya brauza zina DNS yao ya siri ndani, zinaruka mfumo mzima wa simu au kompyuta. Kwenye Firefox angalia mipangilio ya faragha, sehemu ya DNS kupitia HTTPS. Unaweza kuizima, au ukaiacha na kuongeza `lan` kwenye orodha ya vikoa visivyohusika.

Na mara ya kwanza andika anwani kamili, `http://mitindo.lan/`. Brauza nyingi zikiona neno lisilo na mwisho zinaoujua zinalipeleka kwenye utafutaji.

---

#6 · Mchangiaji, Mwanza

Mkuu mimi natumia Pi-hole, DNS ya nyumbani inayozuia matangazo. Nimeongeza rekodi `seva.local` kwenda 192.168.1.40. Kompyuta ya Debian inakataa, simu moja inakubali. Nikifanya `nslookup seva.local` kwenye Debian jibu linatoka sahihi. Ping inasema haijulikani. Seva yenyewe haina Avahi.

---

#7 · Mwanzisha uzi

Mkuu umeleta mfano mzuri kuliko wangu. Fungua `/etc/nsswitch.conf` kwenye Debian, utaona mstari unaofanana na huu:

```
hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns
```

Usome kutoka kushoto. Kwanza faili la hosts. Kisha mDNS kwa majina ya `.local`. Na ile `[NOTFOUND=return]` inasema: mDNS ikikosa, rudi hapohapo, usiende kwa DNS. Seva yako haina Avahi, kwa hiyo hakuna anayejibu tangazo, na Pi-hole haifikiwi hata siku moja. nslookup haisomi mstari huu, ndiyo maana yenyewe inapata jibu.

Utaona mtandaoni watu wakishauri ufute `[NOTFOUND=return]`. Usifanye hivyo. Debian haikukosea. Tangu RFC 6762 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2013, `.local` ni mali ya mDNS, na kila kifaa kitakachoingia nyumbani kwako kitakuwa na tabia hiyo kwa kiwango chake. Utarekebisha kompyuta moja, kesho TV igome.

Una njia mbili halali. Weka Avahi kwenye seva, `sudo apt install avahi-daemon`, halafu ufute ile rekodi ya Pi-hole, jina litajitangaza lenyewe. Au baki na Pi-hole lakini ubadilishe mwisho wa jina. Kuna `home.arpa`, iliyotengwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani na RFC 8375 mwaka 2018, na kuna `.internal`, ambayo ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, waliitenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani. Mimi naipendekeza `home.arpa` kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya nyumbani. Wanaosema ni ndefu nawaelewa, lakini ukiiweka kuwa kikoa cha utafutaji kwenye DHCP utaandika `seva` tu na mashine zitamalizia zenyewe.

Jina lenyewe liwe herufi, tarakimu na kistari. Msiweke mstari wa chini wala nafasi, kuna vifaa vinavyokubali na vingine vinakataa, na utahangaika kutafuta kosa lisiloonekana. Kama kuna Windows za zamani, lisizidi herufi 15.

---

#8 · Mchangiaji, Dodoma

Kwa heshima zote mkuu, mbona mnazunguka sana? Mimi nimeandika kwenye hosts ya kila kompyuta na nimemaliza. Hakuna Avahi wala Pi-hole.

---

#9 · Mwanzisha uzi

Mkuu, kwa kompyuta mbili tatu zisizobadilika hiyo ni njia safi kabisa na siipingi. Inafanya kazi hata ruta ikiwa imezimika akili. Ila simu huwezi kuigusa hosts yake bila kuifungua mfumo (root), na watu wengi leo shida yao iko kwenye simu na TV.

Halafu IP lazima isibadilike. Nenda kwenye DHCP ya ruta uifunge IP ya seva kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao). Hapo kuna mtego: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hujitengenezea MAC nyingine kwa kila Wi-Fi. Ukifunga IP ya simu kwa MAC uliyoisoma kwenye boksi, haitashika. Soma ile iliyoorodheshwa kwenye ruta simu ikiwa imeunganishwa.

---

#10 · Mchangiaji, Nairobi

Nimerudi mkuu. Nimebadilisha ruta ya chumbani ikawa Access Point, sasa `.local` inafanya kazi nyumba nzima. Lakini niliongeza Pi ya pili ya kamera, nikiandika `raspberrypi.local` wakati mwingine nafungua ile ya zamani, na hii mpya siioni kabisa.

---

#11 · Mwanzisha uzi

Safi sana. Hiyo mpya ipo, jaribu `raspberrypi-2.local`. Kwenye mDNS kifaa kikitaka jina na kukuta lina mwenyewe, kinajiongezea namba. Ukizima zote mbili na mpya ikawaka kwanza, itachukua jina na ya zamani ndiyo itakuwa -2. Kila moja ipe jina lake kwa `sudo hostnamectl set-hostname kamera`, rekebisha pia mstari wa 127.0.1.1 kwenye `/etc/hosts`, kisha iwashe upya.

---

#12 · Mchangiaji, Mwanza

Nimehamia home.arpa, vyote vinafunguka. Nimeondoa 8.8.8.8 kwenye DHCP kama ulivyosema kule juu. Maswali mawili. Moja, Pi-hole ikizimika nyumba nzima inakosa intaneti, nafanyaje? Mbili, laptop ya Windows bado inapotea mara mojamoja, na `ipconfig /all` inaonyesha DNS ya pili yenye herufi na nukta mbilimbili ambayo sikuiweka mimi.

---

#13 · Mwanzisha uzi

Nianze na la pili kwa sababu ndilo linalokusumbua sasa. Hiyo yenye nukta mbilimbili ni DNS ya IPv6, toleo jipya la anwani za IP. Ruta inaitangaza yenyewe kwa njia tofauti na DHCP uliyoirekebisha, na vifaa vinaipokea. Windows ikiiuliza hiyo, Pi-hole imerukwa na `home.arpa` yako haipo. Tafuta kwenye ruta sehemu ya IPv6 ya LAN, uzime kutangaza DNS au uweke anwani ya IPv6 ya Pi-hole. Kama ruta ya kampuni haina sehemu hiyo, zima IPv6 upande wa LAN mpaka utakapopata ruta yako. Ukimaliza, kwenye Windows endesha `ipconfig /flushdns`, kwa sababu jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa kwa muda na linaweza kukupotosha hata baada ya kurekebisha.

La kwanza: usirudishe 8.8.8.8. Akiba halali ni DNS nyingine inayoyajua majina yaleyale. Ukiwa na Pi ya ziada weka Pi-hole ya pili na uandike rekodi zilezile, kisha DHCP igawe zote mbili. Kama huna, na ruta yako inakubali OpenWrt, weka majina kwenye dnsmasq ya ruta, vifaa viulize ruta, na ruta ndiyo ipeleke maswali ya nje kwa Pi-hole. Pi ikizimika unaingia kwenye ruta na kubadilisha mahali pamoja tu, majina ya ndani yanaendelea kujibiwa muda wote huo. Kasoro yake ni kwamba kwenye ripoti za Pi-hole maswali yote yataonekana yanatoka kwa ruta, hutajua simu gani imeuliza nini. Kwa nyumba ya kawaida ningechagua hii ya ruta. Tuma `ipconfig /all` mpya ukishazima ile ya IPv6.